Shimo la Kamwe

Katika mji ule tusi kubwa kuliko yote lilikuwa kumwambia mtu kwamba amepona. Mgeni angecheka, lakini wageni hawakuwa wakifika, na waliozaliwa humo hawakuona kichekesho chochote. Ugonjwa wenyewe ulikwisha zamani, kabla jua halijakwama juu ya mnara wa Baraza, na jina lake lilishasahauliwa na wote, hata na wale uliowalaza kitandani. Walibaki watu walioupata wakapona, na kupona hakukuwaachia kovu wala kikohozi wala doa. Walifanana na wasiougua kama maji ya mtungi mmoja, na kwa sababu hiyo hiyo waliogopwa. Mgonjwa unamwona, unajua ukae naye umbali gani. Aliyepona utamjuaje? Anaweza kuwa anakukatia kitambaa. Anaweza kuwa anakuombea dua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini juu ya mwenye kuficha afya yake hawakutuachia neno, wakafa na kutuacha tuhangaike wenyewe.

Wengi wa waliopona walikaa Mtaa wa Chini. Wachache walipanda juu, wakaoa, wakaolewa, wakanyamaza, na hao walilindwa na Sheria ya Kutoulizana. Ilikuwa sheria fupi: ni marufuku mtu kumuuliza mwenzake kama alipona. Basi. Lakini chini yake palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo, uliosema kwamba siku kipimo kitakapoonyesha kuwa dharau kwa waliopona imekwisha mjini, sheria nayo itakoma, kwa kuwa mzima hana haja ya dawa. Majibu ya kipimo yalikuwa kete zilizotiwa katika mashimo ya ubao, na ingetosha kete moja tu, moja, iangukie nje ya shimo la kwanza, lile la Kamwe, na sheria ingeishi mpaka kipimo kingine. Watu wa Mtaa wa Chini hawakuujua mstari ule. Waliojua ni wajumbe wa Baraza na wadodosaji wao, na mmoja wa wadodosaji alikuwa mwanamke aliyeitwa Mwatumu.

Mwatumu alipona akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyejua. Mumewe Mbaraka hakujua, na alikuwa amelala ubavuni mwake kwa muda ambao, laiti jua lingekuwa linatembea, ungeitwa miaka kumi na minne. Mama mkwe wake hakujua, ingawa alikuwa na jicho la kuhesabu chumvi ndani ya mchuzi. Sheria ikikoma asubuhi, maana asubuhi ilibaki kuwa jina la wakati wa kuamka tu, huyo mama angeuliza kabla chai haijapoa. Na Mwatumu, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa sababu hakuwahi kuulizwa, angefungua mdomo mbele ya watu wa nyumbani kwake, na hakujua ni nini kingetoka. Aliliogopa swali lile hata usingizini. Aliliogopa akiwa anacheka harusini.

Kazi yake ilikuwa kupima dharau. Usishangae, kila mji una wapimaji wake, wengine hupima mvua na wengine hupima vichwa vya watoto. Alibeba ubao wenye mashimo matano na mfuko wa kete. Shimo la kwanza liliitwa Kamwe, la pili Mara Chache, la tatu Mara kwa Mara, la nne Mara Nyingi, la mwisho Kila Siku. Alisoma maswali tisa, na kwa kila swali anayepimwa alitia kete katika shimo alilotaka. Kanuni za mdodosaji zilikuwa tatu, na alikula kiapo juu yake: asifafanue swali, asitikise kichwa, asilie. Mtu asipoelewa, asomewe tena vile vile, neno kwa neno. Kila swali lilianza kwa maneno "Katika miezi kumi na miwili iliyopita," na hapo ndipo watu walipochanganyikiwa, kwa kuwa chini ya jua lisilotembea kila mtu alikuwa na miezi yake. Mmoja aliihesabu kwa nywele zake, mwingine kwa magunia ya mkaa. Mzee mmoja aliwahi kumwambia kwamba miezi yake kumi na miwili ilikuwa bado haijafika, na akamsihi arudi itakapofika. Mwatumu alimsomea tena.

Alikuwa amepita nyumba zote za Mtaa wa Chini isipokuwa moja. Watu mia mbili na kumi na mmoja. Na kete zote, kila moja, zilikuwa katika Kamwe.

Ubao ulikuwa umeinama upande mmoja kwa uzito. Alipoubeba kwapani ulimvuta kushoto, ikambidi atembee akiwa ameegemea kulia ili asianguke, na watu wa mtaa walimtazama wakadhani ana mguu mbovu. Yeye alitembea huku anajisemea moyoni. Hapana, si kweli. Najua si kweli. Nimezaliwa nyuma ya nyumba ile yenye mlango wa bati. Nimewaona wakiteka maji baada ya watu wote kumaliza. Nimewaona wakipita kando ya njia, njia ikiwa tupu. Mbona wanasema kamwe? Nani amewafundisha kusema kamwe? Soma tena. Usiongeze neno. Usiwatazame sana usoni, watakujua. Moja tu. Mungu wangu, kete moja tu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Mashavu, mpika vitumbua. Alikuwa mnene, mcheshi, na mikono yake ilinukia hiliki hata alipokuwa hajapika. Alimkuta Mwatumu amesimama mlangoni akamwambia, "Karibu mwanangu, vua mzigo. Ubao gani huo unaokupindisha hivyo? Keti."

Mwatumu akaketi juu ya mkeka, akaweka ubao kati yao, akasoma. "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni mara ngapi mtu amekataa kununua au kula chakula ulichopika?"

Bi Mashavu hakufikiri hata kidogo. Alitia kete katika Kamwe. "Vitumbua vyangu vinakwisha vyote," alisema kwa fahari. "Kuna kijana anakuja na beseni lake, anavipanga, anavifunika kwa kitambaa chake mwenyewe, anavipeleka juu. Haachi hata kimoja. Nasikia wakubwa wa Baraza hawanywi chai bila hivyo."

Mwatumu alikuwa amekula vitumbua vile asubuhi hiyo hiyo, na Bwana Shekue, Mkuu wa Vipimo, alikula vinne. Alijua pia kwamba kule juu muuzaji aliapa vimepikwa na shangazi yake. Angetaka kuuliza: Je, wanajua ni vyako? Lakini hilo lingekuwa kufafanua. Akasoma swali la pili.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita, ni mara ngapi umezuiwa kuingia mahali wanapoingia watu wengine?"

"Kamwe." Kete ikaanguka juu ya kete nyingine.

"Ni mara ngapi mtu ameondoka ulipoketi karibu naye?"

"Kamwe. Nikae karibu na nani?"

Sauti ya Mwatumu ilianza kumtoroka. Alisoma swali la nne, akalisoma tena ingawa Bi Mashavu hakuomba alirudie. Kete ikaenda pale pale. La tano hivyo hivyo. La sita alilisoma mara tatu, polepole, huku jicho lake limebaki juu ya shimo la pili kana kwamba jicho linaweza kusukuma. Bi Mashavu alizuia mkono wake hewani, kete ikiwa kati ya vidole.

"Mwanangu," alisema, "unanisomea nini kama mtu anayeomba maji? Nimekusikia mara ya kwanza. Nimezuiwa? Sijazuiwa. Kule wasikonitaka siendi. Mtu asiyetoka nje anyeshewe na mvua ipi? Wewe nenda kauulize mtaa mzima, watakwambia haya haya. Sisi hatuna ugomvi na mtu. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita," alisoma Mwatumu.

"Nimesikia."

"Ni mara ngapi..."

"Nimesikia, mama."

Mahali fulani nyuma ya nyumba mafuta yalikuwa yanachemka. Ndipo Mwatumu akaelewa. Watu wale hawakuwa wakidanganya. Kila mmoja wao alikuwa amejipimia dunia kwa ustadi, akaikata hapa, akaikunja pale, mpaka ikabaki dunia ndogo ambamo hakuna wa kumkataa. Walikwenda sokoni soko likishafungwa. Walioana wenyewe kwa wenyewe. Walijitenga mapema ili asije mtu akapata taabu ya kuwatenga. Na sasa kipimo kilikuja, na kipimo ni kipofu mwenye adabu, kinauliza ulipigwa mara ngapi, hakiulizi umejikunja mara ngapi. Dharau ikikamilika haiachi tukio. Asiyekuwapo na lake halipo, na mtaa mzima ulikuwa haupo. Kesho Baraza litausoma ukimya ule kama amani, litapiga makofi, na litafuta sheria.

Na mimi je? aliwaza. Nani aliwahi kunifanya nini? Hakuna. Kamwe. Kamwe. Kamwe.

Bi Mashavu alikuwa anamtazama, si usoni bali mgongoni. "Mbona huegemei ukuta?" aliuliza. "Umekaa muda wote huo umenyooka kama fimbo. Ukuta uko hapo nyuma yako."

Mwatumu alikuwa hajui kwamba haegemei. Watu wa Mtaa wa Chini hufundishwa hivyo tangu wakiwa wadogo: kwa watu huegemei ukuta, usije ukauachia joto lako. Alikuwa amekaa hivyo maisha yake yote, katika nyumba ya mumewe, katika ofisi ya Bwana Shekue, katika kila kiti alichokalia, na waliomwona walidhani ni heshima. Alitaka kuegemea pale pale, aonekane wa kawaida, lakini mgongo ulikataa kwenda nyuma.

"Siulizi," Bi Mashavu akasema taratibu. "Sheria imekataza, nami ni mtu wa sheria. Nasema tu nilichoona." Akatia kete ya sita katika Kamwe, kisha ya saba, ya nane na ya tisa, bila kusubiri asomewe. "Najua unataka nitie moja huko kwingine. Sijui kwa nini, na wewe umeapa hutaniambia. Lakini siwezi, mwanangu. Nikitia huko nitakuwa nimesema nimedharauliwa, na nikishasema nitalazimika kulala nalo hapa ndani peke yangu. Nimeishi vizuri bila kulisema. Kama wewe unaona iko kete ya kwenda huko, basi tia ya kwako."

Mwatumu aliondoka bila kuaga vizuri. Njia ya kurudi juu ilikuwa ndefu kuliko ya kushukia, kama ilivyo kawaida ya mji ule, na mara mbili alipita mbele ya mlango ule ule wa bati akiwa na hakika kwamba anakwenda mbele. Mara ya pili alimwona msichana wa miaka tisa amesimama hapo, mgongo umenyooka, anaangalia njia. Hakusimama kumtazama. Aliogopa kwamba mtoto angemjua.

Ilibaki hatua moja ya mwisho. Kwa desturi ya Baraza, mdodosaji hupimwa wa mwisho kuliko wote, hadharani, mbele ya wajumbe, ili mizani nayo ijulikane uzito wake. Lilikuwa jambo la dakika mbili. Wadodosaji wote walihesabiwa kuwa watu wa juu, hivyo wote walitia kete zao katika Kamwe haraka haraka, wakisimuliana habari za mchana, kisha wakaenda kula. Hakuna aliyewahi kuwatazama mikono.

Wajumbe saba walikuwa wameketi kwenye benchi refu. Bwana Shekue alikuwa mbele yao, mtu mpole, mwenye mzaha, aliyewajua watoto wa wafanyakazi wake kwa majina. Alipouona ubao umelala upande mmoja alitabasamu. "Hongera, Mwatumu. Mtaa umepona mara ya pili," alisema, na wajumbe wakacheka kidogo, kwa kuwa neno lile kinywani mwa Mkuu lilikuwa mzaha tu. "Tumalizie na wewe, tukapumzike. Katika miezi kumi na miwili iliyopita..."

Swali la kwanza, Kamwe. La pili, Kamwe. Vidole vyake vilifanya kazi vyenyewe. Alijiambia bado, bado, lipo lingine. La tano. La sita. Alikuwa na hofu ya aina mbili na zilikuwa zikivutana: moja ilisema tia Kamwe ukaishi leo, nyingine ilisema kesho asubuhi chai haitapoa kabla mama mkwe hajauliza. Kati ya hizo mbili hapakuwa na ushujaa wowote, nisikudanganye. Watu husimulia baadaye kwamba alikuwa shujaa. Alikuwa anaogopa tu.

"Na la mwisho," alisema Bwana Shekue, akiwa ameshaanza kukusanya karatasi. "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kwa jumla, umeonja dharau ya watu mara ngapi?"

Akanyoosha mkono mpaka mwisho wa ubao. Kete ilianguka katika shimo tupu, na kwa kuwa lilikuwa tupu, ililia.

Bwana Shekue alitazama ubao, akatazama mkono wa Mwatumu, akacheka kwa wema. "Imeteleza. Kete hizi zina utelezi. Itoe, uitie vizuri."

Alikuwa amempa mlango wa kutokea. Wote waliuona mlango ule, na Mwatumu aliuona kuliko wote.

"Haikuteleza, bwana."

"Umetia Kila Siku."

"Ndiyo, bwana."

Mjumbe mmoja mwenye miwani aliinama mbele. "Nani amekudharau wewe? Taja mmoja."

"Hakuna," alisema Mwatumu.

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja. Sikuwapa nafasi. Swali limeuliza nimeonja mara ngapi. Halikuuliza nani amenilisha. Nikiamka naionja. Nikicheka na nyinyi naionja. Sijawahi kuegemea ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Kule chini ni hivyo hivyo, ila wao wamezoea wakadhani ndio mate yao."

"Kwani wewe uli..." akaanza mjumbe mwenye miwani, akakatiza. Kete ilikuwa imelala katika shimo la mwisho. Kipimo hakikuwa tupu. Sheria ilikuwa hai, imefufuka dakika hiyo hiyo, na ilikuwa inamziba mdomo. Akafunga mdomo polepole. Wenzake sita wakatazama viatu vyao. Kila mmoja alikuwa ameshalijua jibu, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali. Kisha wakainuka, mmoja baada ya mwingine, wakatoka kwa mlango wa nyuma ambao haukuwa ukitumika, kwa sababu ule wa mbele ungewapitisha karibu naye.

Alibaki Bwana Shekue. Alikuwa mtu wa haki, akamaliza kazi yake. "Sheria inaendelea mpaka kipimo kijacho," alitangaza mbele ya benchi tupu, kisha akasogeza fomu. "Weka sahihi yako hapa, bibie."

Mwatumu hakuwa na kalamu. Bwana Shekue alimpa ya kwake, ile ya nyuzi za fedha aliyoachiwa na baba yake, ambayo alizoea kuifungia kwenye mtoto wa meza na ambayo karani mmoja aliwahi kufokewa kwa kuigusa tu. Mwatumu alitia sahihi. Akaifuta kalamu kwa pembe ya khanga yake, akamrudishia kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

Bwana Shekue alinyoosha mkono. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama hapo, ukarudi mfukoni.

"Baki nayo tu," alisema, na tabasamu lake lilikuwa lile lile la siku zote. "Kalamu ninazo nyingi."

Alikuwa ameshageuka kuelekea mlango wa nyuma. Mwatumu aliitazama kalamu mkononi mwake, ikimeta. Hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa pale, wala hakuwahi kuwa na hakika namna ile. Akaivuta fomu karibu.

"Bwana Shekue," aliita. "Nilitakiwa nitaje mmoja aliyenidharau. Naomba unitamkie jina lako pamoja na la baba yako, niliandike sawasawa."